Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyefungua njia ya chanjo ya saratani

KATIKA mwambao ulio kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi mji mkongwe wa Bagamoyo na kuvuka Mto Wami kuelekea Saadani, magonjwa yanayoenezwa na mbu si habari ngeni. Malaria, matende na mabusha yameandamana na wakazi wa pwani hii kizazi hadi kizazi.

Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kuwa joto, mvua na mbu wa maeneo ya aina hii ndivyo vilivyompa daktari mmoja wa upasuaji ufunguo wa kuielewa saratani iliyokuwa ikiwamaliza watoto wa Afrika. Ni wachache zaidi wanaofahamu kuwa ufunguo huo ndio uliowafikisha wanasayansi katika hatua ya kuwachanja kima wa maabara ili wasipatwe na saratani inayoletwa na virusi.

Daktari huyo ni Denis Parsons Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyeishi Uganda kwa takriban miaka 20. Alifariki dunia Machi 23, 1993 nchini Uingereza akiwa na umri wa miaka 82. Jina lake linatajwa hadi leo katika wodi za watoto kuanzia Mulago mjini Kampala hadi Muhimbili jijini Dar es Salaam, kwa kuwa ndilo jina la ugonjwa wenyewe: uvimbe wa Burkitt.

Mtoto wa mhandisi

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji mdogo wa Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya, lakini wakati wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwavisha ndege wadogo vikuku miguuni, akawafuatilia mmoja mmoja na kuchora ramani ya eneo ambalo kila ndege alilihesabu kuwa himaya yake. Kazi hiyo ya ramani, iliyoonekana kama mchezo wa mzee mpenda mashamba, ilikuja kujirudia kwa mwanawe kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto. Miwani yake ilivunjika na vipande vyake vikamharibu jicho moja, ambalo madaktari walilazimika kuliondoa. Alikua na kusoma akitumia jicho moja lililobaki.

Aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Akiwa chuoni alijiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokutana kwa sala, na imani aliyoipata huko ilimfanya aamini kuwa wito wake ulikuwa katika tiba. Aliacha uhandisi, akahitimu udaktari mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akafuzu mitihani ya upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Uingereza barani Afrika alikataliwa, sababu ikiwa ni lile jicho. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi lilimchukua kuwa daktari wa upasuaji na kumleta Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipangiwa kituo cha kwanza: Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Ramani ya kwanza ilikuwa ya mabusha

Lira ndiko Burkitt alikojifunza somo lililomwongoza maisha yake yote. Miongoni mwa wagonjwa waliofika kwake kwa upasuaji, wengi walikuwa wanaume wenye mabusha, ugonjwa ambao mkazi wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa. Daktari mwingine angewapasua na kuwaruhusu warudi nyumbani. Burkitt aliwauliza walikotoka.

Majibu yalimshangaza. Wanaume wa upande wa mashariki wa wilaya walikuwa na mabusha kwa wingi, ilhali kwa wale wa upande wa magharibi ugonjwa ulikuwa nadra. Wilaya ilikuwa moja, lakini ugonjwa haukuwa umetapakaa sawasawa. Alihusisha tofauti hiyo na minyoo ya matende inayobebwa na mbu, na mwaka 1951 akayachapisha matokeo hayo. Kwa maneno mengine, alikuwa amegundua kuwa swali la mahali mgonjwa anapoishi linaweza kuwa na uzito sawa na swali la maumivu anayoyasikia.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako alifanya kazi za upasuaji mchana na usiku na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Angeweza kustaafu akiwa daktari mwema asiyejulikana nje ya Uganda, kama isingekuwa tukio la mwaka 1957.

Watoto wawili

Mwaka huo Dk. Hugh Trowell, tabibu mashuhuri kwa utafiti wake juu ya unyafuzi, alimwita Burkitt wodini amtazame mvulana wa umri wa miaka mitano hivi. Uso wa mtoto ulikuwa umeharibika kwa uvimbe katika pembe zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuwa na jibu. Maambukizi ya kawaida hayashiki pembe nne kwa pamoja, na saratani alizozifahamu hazikuwa na tabia hiyo.

Wiki chache baadaye alikwenda kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Jinja. Akitupa macho dirishani alimwona mama ameketi kwenye majani na mtoto wa kike mwenye uso uliovimba kwa namna ileile. Alitoka nje, akampima na kukuta kuwa mataya yote yalikuwa yameathirika na tumboni mlikuwa na uvimbe mwingine. Mtoto mmoja ni ajabu. Wawili walikuwa dalili ya jambo kubwa.

Alirejea Mulago na kupekua majalada. Alibaini kuwa watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe katika figo, ini, ovari au viungo vingine. Kabla yake, kila mtaalamu aliona kipande chake: wa meno aliona taya, wa upasuaji aliona tumbo, na wa patholojia aliona seli kwenye kioo cha darubini. Burkitt aliviunganisha vipande hivyo na kutambua kuwa ni ugonjwa mmoja. Wataalamu wa patholojia wa Makerere walisaidia kuthibitisha kuwa ni saratani ya tezi za limfu, na kwamba ndiyo iliyokuwa ikiongoza miongoni mwa saratani za watoto nchini humo.

Taarifa yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Haikuzua gumzo. Ulaya na Marekani hawakuwa na ugonjwa huo kwa kiasi cha kuwashtua, na mwandishi alikuwa daktari asiye na maabara wala cheo cha uprofesa.

Safari ya kilometa 16,000

Burkitt alirudi kwenye kalamu na ramani. Alichapisha vipeperushi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza swali moja: je, mmewahi kuuona ugonjwa huu? Kila jibu lilipofika aliweka alama kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Taratibu ukajitokeza mkanda mpana uliokatiza katikati ya bara, wenye mkia ulioshuka kusini kwa kufuata pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Lililobaki lilikuwa kujua ukingo wa mkanda huo uko wapi. Oktoba 7, 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa misheni ya Kuluva huko West Nile na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walikatiza Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa bara, wakitembelea hospitali zinazokaribia 60. Walisafiri takriban kilometa 16,000. Gharama yote haikufika pauni 700.

Safari hiyo iliangukia miezi ambayo Tanganyika ilikuwa inajiandaa kwa uhuru wake wa Desemba 9, 1961. Wakati wanasiasa wakihesabu siku, madaktari hao watatu walikuwa wakihesabu watoto, hospitali baada ya hospitali, na kuuliza tena swali lilelile.

Matokeo yalikuwa bayana. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma mahali ardhi ilipozidi mwinuko wa meta 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, ukomo huo ulishuka. Nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi zilikuwa salama. Kandokando ya Ziwa Victoria na katika mwambao wenye joto, watoto waliugua. Wataalamu wa Entebbe waliokuwa wakichunguza virusi walisaidia kuifasiri ramani hiyo: kilichoamua hakikuwa mwinuko wenyewe bali joto na mvua. Penye baridi kali au ukame, saratani haikuwapo.

Saratani inayofuata joto na mvua ilikuwa jambo la ajabu. Burkitt na wenzake walifikia hisia kwamba huenda kuna mdudu anayehusika, pengine mbu, na kwamba mdudu huyo huenda anabeba kirusi.

Hata hivyo, ramani ilikuwa na doa moja. Unguja na Pemba zina joto, mvua na unyevu sawa na Bagamoyo iliyo ng'ambo ya mlango wa bahari, lakini visa vya uvimbe huo visiwani vilikuwa adimu. Tofauti ilikuwa nini? Visiwani, kampeni ya kupambana na malaria ilikuwa imepunguza ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa. Doa hilo dogo lilikuja kuwa na maana kubwa baadaye.

Mhadhara mmoja London

Miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichunguza kirusi kinacholeta saratani kwa kuku.

Habari ya kuku inahitaji maelezo. Mwaka 1911, mwaka uleule aliozaliwa Burkitt, mtafiti Peyton Rous wa New York alitangaza kuwa alichukua majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye uvimbe wa kuku, akayachoma kwa kuku mwingine, naye akaota uvimbe. Kwa kuwa chujio lilikuwa limezuia seli na bakteria, kilichobaki ni kitu kidogo zaidi, yaani kirusi. Wengi walimpuuza kwa miongo mingi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1966, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Katika miaka ya 1930, Richard Shope alionyesha kuwa kirusi kingine kiliota chunjua kwa sungura, na kwamba sungura aliyekwisha kukabiliana nacho aliweza kujenga kinga. Hivyo, kwa wanyama, mambo mawili yalikuwa yamefahamika: virusi vinaweza kuleta uvimbe, na mwili unaweza kufundishwa kuvikataa. Kwa binadamu hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Epstein aliposikia juu ya saratani inayofuata joto na mvua, alielewa papo hapo kilichokuwa mbele yake. Makubaliano yakafanyika, na kwa zaidi ya miaka miwili vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuonekana kirusi chochote.

Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara ilikuwa imechelewa na majimaji yake yalikuwa yamechafuka, kana kwamba yameingiliwa na bakteria. Kabla ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa darubini na kuona seli hai zikielea. Seli hizo, tofauti na zile zilizotangulia, zilikubali kukua maabara. Februari 24, 1964, kwa darubini ya elektroni, kirusi kilionekana ndani yake. Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza ugunduzi huo mwezi uliofuata. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr, na kikawa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kutoka kuku hadi kima

Furaha haikudumu bila maswali. Watafiti wa Philadelphia, Werner na Gertrude Henle, waligundua kuwa karibu watu wazima wote duniani wana kingamwili za kirusi hicho. Kama kila mtu anacho, kwa nini saratani iwapate watoto wa Bagamoyo au Lango na si wa Manchester?

Jibu lilitafutwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuwafuatilia watoto wenyewe. Huko West Nile, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 1978 ilionyesha kuwa waliokuja kuugua uvimbe wa Burkitt walikuwa na kiwango cha juu cha kingamwili za kirusi hicho tangu kabla ya ugonjwa.

Njia ya pili ilipitia maabara ya wanyama. Kwanza walikuwapo kuku tena. Wafugaji wa Tanzania wanaujua ugonjwa wa mahepe, unaopooza miguu na mabawa ya kuku na kuota uvimbe ndani ya mwili. Unaletwa na kirusi cha ukoo mmoja na kile cha Epstein-Barr. Kati ya mwaka 1969 na 1970 watafiti wa Uingereza na Marekani walitoa chanjo dhidi yake, na kifaranga aliyechanjwa aliepuka uvimbe hata pale kirusi chenyewe kilipomwingia baadaye. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa chanjo kuzuia saratani kwa kiumbe chochote kwa kiwango cha matumizi ya kawaida. Kifaranga wa mayai anayechanjwa mahepe siku anayoanguliwa ni mnufaika wa ugunduzi huo.

Kisha wakaja kima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilibainika kuwa kima wadogo wa Colombia wenye shungi jeupe kichwani, waitwao tamarini, wakichomwa kirusi cha Epstein-Barr hupata saratani ya tezi za limfu. Mwaka 1976 Epstein alipendekeza itengenezwe chanjo: kama ingemkinga mtu na kirusi na saratani ikatoweka, ubishi ungekwisha.

Haikuwezekana kutumia kirusi kizima, hata kilichodhoofishwa, kwa kuwa ndani yake mna vinasaba vinavyoweza kuchochea saratani. Watafiti walichagua sehemu moja tu, protini ya ganda la nje ambayo kirusi huitumia kujishikiza kwenye seli. Mwaka 1985, wakiwa Bristol, Epstein na timu yake walitangaza kuwa tamarini waliochanjwa kwa protini hiyo walibaki wazima walipochomwa kiasi cha kirusi kilichowaletea saratani wenzao ambao hawakuchanjwa.

Ilikuwa miaka 28 tangu Burkitt atazame uso wa mvulana wa Mulago. Ugonjwa uliokuwa hauna jina sasa ulikuwa na jina, kirusi na mnyama aliyeweza kukingwa.

Maisha baada ya Uganda

Burkitt hakushiriki kazi ya maabara na hakudai sifa yake. Akiwa Mulago alikuwa na shughuli nyingine ya haraka zaidi: watoto walikuwa wanakufa. Upasuaji wa mataya ulikuwa ukatili usio na faida, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1960, alipokea dawa za saratani kutoka kwa watafiti wa Marekani na kuzijaribu. Baadhi ya watoto waliokuwa wakisubiri kufa waliona uvimbe ukiyeyuka ndani ya siku chache, na wengine walipona kabisa. Zilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kupona kwa dawa pekee.

Mwaka 1966 alirejea Uingereza. Huko alianza kampeni nyingine iliyompa umaarufu kwa umma kuliko ile ya kwanza: umuhimu wa nyuzinyuzi katika chakula. Alilinganisha magonjwa ya Waingereza waliokula mkate mweupe na ya wanakijiji wa Afrika waliokula ulezi, mtama, maharage na mboga za majani, akahitimisha kuwa unga uliokobolewa unachangia magonjwa ya utumbo. Baadhi ya madai yake yalirekebishwa baadaye, lakini ushauri wa kula dona badala ya sembe unatoka katika mkondo huo wa fikra. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London na kupewa Tuzo ya Lasker ya Marekani.

Deni lililobaki

Pamoja na hayo yote, watoto waliotoa sampuli zilizofungua njia hiyo, na ambao majina yao hayamo katika kirusi wala katika uvimbe, hawajalipwa kile kilichotarajiwa. Miaka 40 imepita tangu tamarini wa Bristol wakingwe, lakini hadi sasa hakuna chanjo ya Epstein-Barr iliyoidhinishwa kwa binadamu. Majaribio yamefanyika na mengine yanaendelea. Wakati huohuo, chanjo nyingine za kuzuia saratani zitokanazo na virusi zimefika: ile ya homa ya ini aina ya B, iliyoingizwa katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, na ile ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Njia iliyoanza kwa kuku na sungura imefika kwa binadamu, ila haijafika kwa ugonjwa wa Burkitt.

Hapa ndipo doa la Unguja na Pemba linaporudi. Mwaka 1969 Burkitt mwenyewe alieleza kuwa huenda mbu habebi kirusi, bali hubeba malaria. Maelezo hayo ndiyo yanayokubalika leo: mtoto huambukizwa kirusi akiwa mdogo sana, na malaria inayomrudia mara kwa mara huzichochea seli zilezile ambamo kirusi kimejificha na kulegeza ulinzi wa mwili. Kirusi peke yake hakitoshi.

Hoja hiyo ilijaribiwa Tanzania. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 katika wilaya ya North Mara waligawiwa klorokwini mara kwa mara. Visa vya uvimbe wa Burkitt vilishuka, kisha vikapanda baada ya mpango kumalizika. Watafiti walitahadharisha kuwa kushuka huko kulianza hata kabla ya dawa, hivyo ushahidi haukuwa kamili, lakini ulielekea palepale.

Ndiyo sababu kazi iliyofanyika Bagamoyo ina uzito unaozidi malaria yenyewe. Katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara mjini humo, watoto wachanga 340 walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2008. Bagamoyo na Korogwe zikawa sehemu ya jaribio kubwa la nchi saba za Afrika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Bagamoyo ilishiriki tena katika jaribio la chanjo ya R21, iliyopendekezwa mwaka 2023. Bado haijathibitishwa kuwa chanjo hizo zitapunguza saratani hii, lakini ramani ya Burkitt inatoa sababu ya kulitarajia hilo na kulifuatilia.

Hadi siku hiyo itakapofika, tiba inabaki ni kuwahi. Uvimbe huu ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi kubwa zaidi mwilini, na unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno kulegea bila sababu, na mzazi humpeleka mtoto kung'olewa jino huku siku zikipotea. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Katika Afrika, ambako ugonjwa ulitambuliwa na dawa zake kujaribiwa kwa mara ya kwanza, wanaopona ni wachache zaidi, kwa sababu ya kuchelewa, nauli, uhaba wa dawa na matibabu yanayokatishwa njiani.

Burkitt alizikwa Uingereza, mbali na wodi alikoanzia. Aliacha mke, Olive, na mabinti watatu. Aliacha pia mazoea ya kumuuliza kila mgonjwa swali ambalo halihitaji mashine wala fedha: unatoka wapi?